Kabureta Haijafa, Kilichokufa ni Mpira

Kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, kuanzia steji ya Nchiru hadi Kianjai na kuendelea mbele, kuna imani inayoshikiliwa kwa pamoja na waendesha bodaboda, wenye pikipiki, wauza spea na mafundi wengi: kabureta haifunguliwi nyumbani. Ikianza kudondosha petroli, ikianza kula mafuta kupita kiasi, ikianza kunguruma yenyewe pikipiki ikiwa imesimama, dawa ni mbili tu. Ipelekwe kwa fundi aioshe. Ikishaoshwa mara kadhaa bila kupona, inunuliwe nyingine nzima. Mwenye pikipiki asiiguse, maana akiigusa ameiharibu.

Imani hii ni potofu na inawalia watu pesa wasizokuwa nazo. Kosa lake kubwa ni kwamba inatafuta ugonjwa mahali usipo. Katika kabureta nyingi zinazohukumiwa kifo hapa kwetu, chuma ni kizima. Kilichokufa ni mpira: vipande vichache laini, vingine vyenye upana wa milimita chache tu, vilivyotengenezwa tangu mwanzo vikijulikana kwamba vitachakaa na kubadilishwa. Na vipande hivyo hubadilishwa nyumbani, uani, na mtu yeyote mwenye subira, bisibisi inayofaa na mwanga wa mchana.

Jambo lenyewe ni zito. Pikipiki huku kwetu ndiyo inayoshusha miraa kutoka vilima vya Nyambene kabla haijanyauka. Ndiyo inayowatoa wanafunzi kwenye lango la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru hadi vyumba vyao vya kupanga, na ndiyo inayombeba mama mwenye uchungu usiku hadi hospitalini. Nyingi zimenunuliwa kwa mkopo unaodaiwa kila siku, jua liwake mvua inyeshe. Pikipiki ikilala gereji siku mbili kwa sababu ya kipande cha mpira, deni halilali nayo.

Tuanze na kifaa chenyewe, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutokijua. Kabureta ya pikipiki tunazopanda, iwe Boxer, TVS au zile nyingi za Kichina zilizofuata mfano wa Honda CG125 ya mwaka 1976, ni mwili wa aloi wenye koo ambalo hewa hupita, na chini ya koo hilo pana bakuli la petroli. Ndani ya bakuli mna boya, ambalo mafundi huliita floti. Petroli ikijaa, floti hupanda na kusukuma sindano fupi inayoziba tundu la kuingilia. Petroli ikipungua, floti hushuka na tundu hufunguka. Jeti za shaba hupima petroli inayonyonywa, na kizibo kinachovutwa na kebo ya mafuta hupima hewa. Kwisha. Hakuna gia, hakuna umeme, hakuna kinachozunguka. Kizibo hicho na sindano ndefu inayoning'inia chini yake husuguka kweli, lakini hiyo ni kazi ya miaka mingi. Mpira haungoji miaka hiyo.

Mpira uko wapi? Kwanza kwenye ncha ya ile sindano ya floti. Katika kabureta nyingi ncha hiyo ni mpira mgumu kidogo, na kazi yake yote ni kuziba tundu dogo kila sekunde injini inapotikisika. Baada ya muda hujichora alama ya duara pale inapogusana na kiti chake, na kuanzia hapo haizibi tena. Petroli hupanda kupita kiasi na kumwagika kwa mrija wa chini. Hilo ndilo linaloonekana. Lisiloonekana ni baya zaidi: pikipiki ikiegeshwa usiku koki ikiwa wazi, petroli inaweza kuvuka koo la kabureta, ikaingia kwenye silinda, ikapita kando ya ringi za pistoni na kuchanganyika na oili. Oili hulegea na kunuka petroli, na injini huendeshwa juu ya oili isiyolinda kitu. Mtu anaishia kununua pistoni na kupeleka silinda ikachongwe, na kama hakuna aliyemwambia chanzo, ncha ile ile iliyochakaa hubaki mahali pake ikiingojea pistoni mpya.

Pili ni gasketi ya bakuli, ule mpira unaokaa ndani ya mfereji mwembamba kati ya bakuli na mwili. Hii ikikauka petroli hutambaa nje na kuilowesha injini yenye moto. Tatu ni oringi, ile pete ya mpira iliyo kati ya kabureta na shingo ya injini. Huyu ndiye mwizi mkubwa kuliko wote. Ikipondeka au kupasuka, injini hunyonya hewa ambayo kabureta haikuipima. Mchanganyiko hukosa petroli. Pikipiki hunguruma juu hata ukiachia mafuta, ekzosi hulipuka-lipuka unaposhuka mteremko, injini huchemka, na plagi ukiitoa utaikuta nyeupe. Dalili hizi zimewafanya watu wanunue plagi, koili, kebo na hatimaye kabureta nzima, na kwa kuwa oringi ya zamani ilibaki shingoni, kabureta mpya nayo ikaonekana mbovu.

Nne ni oringi ndogo kuliko zote, iliyojificha ndani ya tundu la skrubu ya kurekebisha mchanganyiko. Wengi waliofungua kabureta miaka nenda miaka rudi hawajawahi kuiona. Upepo wa kompresa unaweza kuirusha ikapotelea mavumbini na kabureta ikafungwa bila yake. Kwenye pikipiki kubwa kidogo zenye kabureta ya diaframu kuna pia ile ngozi nyembamba ya mpira chini ya kifuniko cha juu. Ikitoboka hata tundu la kuingia pini, pikipiki hukosa nguvu mlimani. Halafu kuna paipu ya petroli na mpira wa ndani ya koki. Hivyo ndivyo vyote.

Kwa nini vife? Mpira wa asili, ule ambao Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 namna ya kuuimarisha kwa salfa na moto, hauwezi kuishi ndani ya petroli: hufura na kulegea. Ndiyo sababu Wajerumani walitengeneza mpira wa naitrili katika miaka ya 1930, unaovumilia mafuta, na kampuni ya DuPont ya Marekani ikaleta Viton mwaka 1957, unaovumilia mafuta na joto kwa pamoja. Gasketi na oringi nyingi za kabureta ni za naitrili, na ncha za sindano mara nyingi ni za Viton. Lakini kuvumilia kuna mwisho. Joto la injini na hewa huugeuza mpira kuwa mgumu mwaka hadi mwaka, na petroli huvuta kidogo kidogo vile vilainisho vilivyochanganywa humo kiwandani. Maadamu mpira umelowa, hubaki umefura kidogo na kuziba. Ukikauka, hunywea, hukakamaa na kupasuka.

Ukilijua hilo, jambo moja linalowashangaza watu wa Nchiru linaeleweka mara moja. Chuo kikifungwa abiria hupungua, na mtu akailaza pikipiki yake miezi kadhaa akingoja wanafunzi warudi. Iliegeshwa nzima. Siku ya kuitoa, anatia petroli na inamwagika kama maji. Lawama zote zinaangukia kituo cha mafuta. Sikatai kwamba petroli yetu imewahi kuchezewa; serikali yenyewe ilikiri tatizo hilo mwaka 2018 ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na petroli na dizeli. Mafuta machafu huziba jeti na kuipaka plagi masizi. Hayawezi kueleza gasketi iliyolala bapa na kukauka kwa sababu bakuli lilikaa tupu.

Sasa niguse kile kinachoitwa kuosha kabureta, kwa sababu hapo ndipo imani hii inapoonekana kuwa na ushahidi. Fundi hufungua bakuli, huzungusha petroli ndani, hupuliza jeti kwa upepo, hurudisha kila kitu. Pikipiki inaondoka ikiwa nyepesi na mwenyewe anafurahi. Bila shaka jeti zimesafishwa, na jeti safi ni jambo jema. Lakini mpira uliorudishwa ni ule ule wa zamani, tena katika hali mbaya kuliko mwanzo. Gasketi iliyokaa ndani ya petroli hufura, na mara tu inapotoka kwenye mfereji wake huwa ndefu kuliko mfereji. Haiingii tena. Fundi mwenye haraka huivuta, huikata kipande, au huchukua tyubu ya silikoni na kupaka ukingo mzima wa bakuli.

Silikoni ndiyo adui ninayetaka kila msomaji amkumbuke. Silikoni ya kawaida ya kuzibia injini haikutengenezwa ikae ndani ya petroli. Hufura, hulegea, na vipande vyake hukatika na kuelea ndani ya bakuli hadi vinapovutwa kwenye tundu la jeti. Baada ya wiki kadhaa pikipiki inaanza kukatakata, inarudishwa, inaoshwa, inapakwa silikoni nyingine. Kila mara watu husema kabureta hii imechoka. Haijachoka. Inalishwa takataka. Vitabu vya huduma vya Honda huagiza kwamba gasketi na oringi zibadilishwe kwa mpya kila kifaa kinapofunguliwa. Kwa hiyo anayeosha kabureta na kurudisha mpira wa zamani ndiye anayekwenda kinyume na waliounda pikipiki, wala si yule anayekaa uani kwake na pakiti ya oringi mpya.

Katika Nchiru, kijiji chenye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, haifai kumhukumu mtu kabla hajasema la kwake, kwa hiyo nizichukue hoja za upande wa pili moja moja, na nianze na ile yenye uzito kuliko zote: moto.

Petroli huua. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki juu kama moshi. Hutambaa chini hadi ukutane na jiko la makaa au taa iliyo mita kadhaa mbali. Anayefungua kabureta jikoni, au chumbani usiku karibu na koroboi, anahatarisha nyumba yake na watoto wake, na wote wanaomkataza wana haki. Ninachokitetea ni kitu kingine. Kazi hii hufanywa nje, mchana, injini ikiwa imepoa, koki imefungwa na paipu imetolewa, petroli ya bakuli imemwagwa kwenye chombo chenye kifuniko. Asiwepo mvuta sigara wala moto wowote upande upepo unakoelekea, na watoto wakae mbali. Ndoo ya mchanga iwe karibu, maana maji husambaza moto wa petroli. Petroli isinyonywe kwa mdomo kwenye paipu, jambo tunaloliona kila siku na linaloharibu mapafu ya vijana wetu. Kisha nauliza: gereji ya barabarani ambapo jirani anachomelea geti hatua chache kutoka kwenye kopo la petroli lililo wazi, ni salama kwa lipi kuliko uani mwa mtu aliyejitayarisha?

Hoja ya pili husema kabureta ni kifaa cha vipimo vya hali ya juu, na mkono usiozoea utaviharibu. Vipimo hivyo vipo kweli, ila kubadilisha mpira hakuvigusi. Jeti huachwa zilivyo, au hutolewa na kurudishwa zile zile. Ulimi wa floti unaoamua kimo cha petroli haupindwi. Kilicho na kipimo cha kukumbukwa ni skrubu ya mchanganyiko tu, na kipimo chake ni rahisi: kabla ya kuitoa, ikaze taratibu ukihesabu mizunguko hadi iguse chini, uandike hesabu hiyo, na wakati wa kurudisha uifungue mizunguko ile ile. Isikazwe kwa nguvu, maana ncha yake huumiza kiti chake. Ndani ya tundu lake vipande hufuatana hivi: springi, washa, kisha oringi ikiwa ya ndani kabisa. Mwenye simu apige picha kila hatua. Kijana wa bodaboda anayeweza kukumbuka madeni ya wateja wake wote bila daftari hashindwi kukumbuka vitu vitatu.

Kinachoharibu kabureta nyingi ni bisibisi. Skrubu za bakuli kwenye kabureta za muundo wa Kijapani zina msalaba unaofanana na wa bisibisi ya nyota ya kawaida, lakini si ule ule. Bisibisi ya kawaida hupanda juu, huteleza na kula kichwa cha skrubu. Ukikuta bakuli lenye skrubu zilizoliwa, ujue hapo palipita mtu mwenye kifaa kisichofaa, awe alifungulia gereji au nyumbani. Bisibisi yenye ncha ya kipimo cha Kijapani inapatikana Meru mjini kwa anayeiulizia, na waendesha bodaboda wa steji moja wanaweza kuimiliki kwa pamoja. Pini ya floti nayo isigongwe kwa nyundo, kwa sababu nguzo zinazoishika ni nyembamba na zikivunjika, hapo kweli kabureta imekufa.

Hoja ya tatu ni ya riziki: ukimfundisha kila mtu kufungua kabureta yake, fundi atakula nini? Hii inanigusa, kwa kuwa mafundi wa jua kali ni watoto wetu na ndugu zetu. Lakini fundi hodari wa pikipiki hatajiriki kwa kuosha kabureta. Ustadi wake uko kwenye klachi, kwenye vali, kwenye kupanga gia na kufunga injini upya, kazi ambazo hakuna mtu wa uani atakayezigusa. Kabureta za kuoshwa kila mwezi humlia siku yake na kumharibia jina, maana mteja anayerudi mara tatu kwa ugonjwa ule ule hamtangazi kwa wema. Mteja anayejua hali ya pikipiki yake huja kwa fundi mapema, akieleza dalili vizuri, na humlipa kazi nzito kwa moyo mkunjufu. Fundi anayepoteza kwa ujuzi wa mteja ni yule aliyekuwa akiishi kwa kutojua kwake.

Wengine husema tuache maneno mengi, kabureta mpya za bei nafuu zimejaa madukani, nunua ufunge uende kazini. Hoja hii ndiyo inayoshinda kila siku steji, na ndiyo yenye hasara iliyojificha zaidi. Oringi huuzwa kwa makumi ya shilingi. Kabureta nzima, hata ile ya bei ya chini, kwa maelfu. Na pesa si hasara pekee. Kabureta iliyokuja na pikipiki ilichaguliwa jeti za ukubwa unaolingana na injini ile. Ya dukani isiyo na jina hutengenezwa itoshee pikipiki za aina nyingi, na jeti zake huenda zikawa kubwa au ndogo kuliko zinavyotakiwa. Mtu hutoa kifaa kilichoundiwa injini yake, chenye ubovu wa oringi mbili, akakitupa kwenye vyuma chakavu, akaweka kigeni ambacho mpira wake wenyewe hajui ni wa aina gani. Pikipiki ikianza kunywa petroli zaidi ya zamani, huambiwa ndivyo pikipiki zinavyozeeka. Hakuna aliyempa mtu huyu nafasi ya kujua kwamba alikuwa na kabureta bora kuliko aliyoinunua.

Hoja ya tano inasema hata huo mpira mpya ni feki. Hapa nakubali nusu. Oringi nyeusi zote hufanana, na wauzaji wengi hawaulizi zitatumika wapi. Oringi ya breki ya gari, iliyotengenezwa ivumilie mafuta ya breki, huharibiwa na petroli. Gasketi iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gurudumu, ufundi unaosifiwa sana huku kwetu kwa ubunifu, hufura na kulegea. Ila jibu la mpira mbaya ni kuupima, na kupima hakuhitaji maabara.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Chanzo kilikuwa oringi za mpira zilizoshindwa kuziba kwa sababu ya baridi ya asubuhi ile. Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, alilionyesha jambo hilo hadharani kwa glasi ya maji ya barafu: alikibana kipande cha mpira ule kwa kibano kidogo, akakitumbukiza, akakitoa na kukifungua, na watu wakaona kwamba mpira uliopoa haurudii umbo lake upesi. Shirika lenye wahandisi wengi na bajeti kubwa lilikuwa limeonywa kuhusu mpira huo na bado likakirusha chombo. Glasi ya maji ilitosha kuonyesha ukweli.

Jaribio letu ni la petroli. Nunua oringi au gasketi, iweke juu ya karatasi na uchore mzingo wake kwa kalamu yenye ncha nyembamba. Kisha itie kwenye chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, uifunike kwa petroli, na uiache nje ya nyumba, kivulini, mahali mtoto hafiki, hadi kesho yake. Itoe, uipangilie tena juu ya mchoro. Naitrili nzuri itakuwa imefura kidogo tu na bado ina ugumu wake ukiibana kwa kucha. Mpira usiofaa utakuwa umepita mchoro waziwazi, umelegea, pengine umeanza kuchuja weusi kwenye petroli. Huo urudishe dukani pamoja na chupa yake, na umwonyeshe muuzaji mbele ya wateja wengine. Fundi anayekufungia kabureta saa ile ile unayoileta hana usiku wa kuusubiri mpira. Wewe unao, na hiyo ni faida ambayo gereji haiwezi kukupa.

Inabaki hoja ya wakati: mwendesha bodaboda hana siku ya kukaa uani. Anayesema hivyo ahesabu siku ambazo pikipiki imelala ikingoja kuoshwa, kurudishwa, kuoshwa tena. Kazi yenyewe kwa anayeijua ni ya mchana mmoja na huhitajika mara chache. Sehemu inayochukua muda ni kusafisha mifereji ambamo gasketi hukaa, kutoa mabaki yote ya silikoni ya zamani kwa kijiti cha mti na kitambaa, bila kukwaruza. Dawa za kupuliza za kusafishia kabureta zisitumike mpira ukiwa bado ndani, maana nyingi huula. Jeti zisitobolewe kwa waya wa chuma. Shaba ni laini na tundu likipanuka halirudi. Mpira mpya upakwe oili kidogo tu uteleze mahali pake. Skrubu zikazwe kwa zamu, pembe kwa pembe, hadi zishike, na hapo zikome, kwa kuwa nyuzi zilizokatwa kwenye aloi hiyo hazivumilii mkono wa hasira.

Kisha kuna hatua ambayo wengi huiruka. Kabla ya kuwasha, simamisha pikipiki wima, fungua koki, weka karatasi kavu chini ya bakuli na ungoje. Karatasi ikilowa, funga koki na urudi nyuma. Usiwashe ili uone kama itaacha yenyewe. Ikibaki kavu, washa, acha injini ipate moto, halafu nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya shingo. Mngurumo ukibadilika, hewa bado inapita pale. Usitumie petroli wala kitu kingine kinachowaka kufanya jaribio hilo, hata kama umemwona mtu akifanya.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba haya yote ni mambo ya kale, kwa sababu pikipiki za umeme zimeingia na India imeacha kabureta. Ni kweli kwamba kanuni za moshi zilizoanza India Aprili 2020 ziliwalazimisha watengenezaji wengi wa huko kuhamia mfumo wa kupuliza petroli kwa kompyuta. Lakini pikipiki za kabureta zimeendelea kuja Kenya, na hizi zilizoko barabarani leo zitazeeka mikononi mwa watu wasio na uwezo wa kununua nyingine. Kadiri zinavyozeeka ndivyo mpira wake utakavyodai kubadilishwa mara nyingi zaidi, na spea za asili zitazidi kuwa adimu.

Kwa hiyo wauza spea wa Makutano na Gakoromone, mjini Meru, waache kuwaambia wateja kwamba oringi haiuzwi peke yake. Waagize pakiti za mpira kulingana na aina ya kabureta, waandike kwenye pakiti kama ni naitrili au Viton, na wakubali kurudishiwa ule uliofura kwenye chupa. Viongozi wa steji, kutoka Nchiru hadi Kianjai, wanunue kwa pesa za chama bisibisi moja ya kipimo cha Kijapani na kuikabidhi kwa mtu mmoja aitunze. Na Chuo Kikuu cha Meru, kinachofundisha uhandisi mwendo mfupi tu kutoka pale pikipiki zinapopanga foleni, kiwafungulie vijana hawa karakana Jumamosi moja, waje na kabureta zao zinazovuja, wafunguliwe bakuli na waonyeshwe ile oringi ndogo ya skrubu ambayo wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba ipo.